Nyumba ya Kumhifadhi Mtoto ni Deni la Serikali

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa mbalimbali, Giakanja, Nyeri)



Mmenitaka nizungumze juu ya ulinzi wa watoto wanaodhulumiwa. Ningeweza kusimama hapa nikalaani uovu huo, nanyi mngeitikia, kisha tukatawanyika kila mtu akiwa amejiridhisha kwamba yeye si miongoni mwa waovu. Sikuja kwa ajili hiyo. Nimekuja kuzungumza juu ya fedha za umma, kwa sababu katika miaka yangu ya uwakili nimejifunza kwamba kesi ya mtoto aliyedhulumiwa huanguka mapema sana, kabla hakimu hajasikia neno lolote. Huanguka usiku ule wa kwanza, pale linapoulizwa swali moja dogo ambalo hakuna ofisi iliyo tayari kulijibu: mtoto huyu atalala wapi?

Hebu tufuatane na mtoto mmoja. Sina haja ya kumtaja kwa jina, maana mfano wake mnaujua katika kila kijiji. Ana umri wa miaka 9. Amenajisiwa na mtu wa nyumbani mwao. Mwalimu ametambua, amempeleka kwa naibu wa chifu, na kutoka hapo wamekwenda hospitali na kituo cha polisi. Daktari amemtibu, fomu ya P3 imejazwa, mshukiwa amekamatwa na kufikishwa kortini. Mpaka hapa kila mtu ametimiza wajibu wake, nasi twaweza kumsifu kila mmoja wao.

Sasa Katiba yetu, katika Kifungu cha 49, yampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana, isipokuwa pawepo sababu nzito za kumzuia. Mimi ni wakili, na haki hiyo nitaitetea daima, kwa kuwa twakumbuka jinsi watu walivyozuiliwa katika nchi hii bila kushtakiwa. Basi mshukiwa analipa dhamana na kurudi nyumbani. Lakini nyumba hiyo ndiyo nyumba ya mtoto. Shamba ni la mshukiwa au la ndugu yake. Mshahara unaonunua unga ni wake. Mama wa mtoto anaambiwa na ukoo kwamba ameleta aibu. Anaulizwa: mtu huyu akifungwa, nani atalipa karo?

Afisa wa watoto ana faili mkononi, lakini hana kitanda. Atafanya nini? Anaweza kumrudisha mtoto katika nyumba ile ile. Anaweza kumlaza kituoni kwenye benchi. Anaweza kumpeleka katika mahabusu ya watoto, kama ile tuliyo nayo hapa Nyeri, iliyokusudiwa watoto wanaokabiliwa na kesi au wanaongojea uamuzi wa korti. Na hapo yule aliyekosewa anakaa nyuma ya lango lililofungwa huku anayeshtakiwa kumkosea anatembea sokoni. Au anaweza kumwomba mama mmoja mwenye huruma, mara nyingi wa kanisani, ampokee kwa siku chache. Siku hizo huwa miezi, kwa kuwa kesi zetu huahirishwa na kuahirishwa tena. Mtoto anapoitwa hatimaye kutoa ushahidi, amekwisha kufundishwa la kusema, au amehamishiwa kwa jamaa wa mbali, au hasemi kitu kabisa. Hakimu hana budi kumwachilia mshtakiwa, nasi twailaumu korti.

Hiyo ndiyo maana ya nyumba ya usalama. Ni mahali penye kitanda, chakula, mlinzi langoni, na mtu aliyefunzwa kuzungumza na mtoto mwenye majeraha ya moyo. Mahali ambapo mtoto anakaa kwa muda, anakwenda shule, anapelekwa hospitali na kortini, mpaka ipatikane familia iliyo salama ya kumpokea. Bila nyumba hiyo, Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ambayo Njoki Ndung'u aliipigania Bungeni alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, inabaki ukali wa karatasi. Sheria hiyo inaamuru kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Adhabu ni kubwa. Lakini adhabu haimfikii mtu ambaye shahidi wake analala chini ya paa lake.

Ndugu zangu, tuitazame historia kidogo. Mwezi wa Julai 1990 tunaukumbuka kwa Saba Saba, watu walipokwenda Kamukunji kudai vyama vingi na kukutana na marungu na risasi. Wachache wanakumbuka kwamba tarehe 30 ya mwezi huo huo, serikali iliyokuwa ikiwapiga wananchi iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto. Kifungu cha 19 cha mkataba huo kinaitaka dola imlinde mtoto dhidi ya kila aina ya ukatili, na Kifungu cha 20 kinasema kwamba mtoto asiyeweza kuachwa katika mazingira ya familia yake anastahili ulinzi na msaada maalumu kutoka kwa dola. Haikusemwa kutoka kwa wafadhili, wala kutoka kwa kanisa. Mwaka mmoja baadaye, Julai 1991, wasichana 19 walikufa katika shule ya St. Kizito kule Meru, na makumi ya wenzao wakabakwa, usiku ambao wanafunzi wa kiume wa shule hiyo hiyo walivamia bweni lao. Desemba ya mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa, nasi tukashangilia vyama vingi. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini twapaswa kukiri kwamba katika mikutano yetu ya hadhara wakati ule, wasichana wa St. Kizito hawakutajwa mara nyingi kama walivyostahili.

Sheria zilikuja polepole. Sheria ya Watoto ya 2001 ilianza kutumika Machi 2002. Katiba mpya ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, na Kifungu chake cha 53 kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na ukatili wa kila aina. Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika Julai 2022. Sasa hatuwezi tena kusema kwamba sheria hatuna.

Napenda mzingatie jambo moja katika Katiba hiyo, kwa sababu ndilo silaha yenu. Haki za Kifungu cha 43, kama vile afya, makazi na chakula, Katiba inasema serikali itazitimiza hatua kwa hatua. Waliotunga walijua kwamba hospitali zote haziwezi kujengwa kwa siku moja. Lakini Kifungu cha 53 hakikuwekewa sharti hilo. Haki ya mtoto ya kulindwa dhidi ya ukatili haikuambiwa ingoje mpaka hazina ijae. Tena Kifungu cha 21 kinavitaka vyombo vyote vya dola vishughulikie mahitaji ya makundi yaliyo hatarini, na watoto wametajwa humo. Kwa hiyo afisa akikuambieni, "Tunawahurumia, lakini bajeti hairuhusu," mjibuni kwa heshima kwamba hamkuja kuomba huruma.

Je, korti zetu zimelitazama jambo hili? Hapa hapa katika nchi ya Mlima Kenya tunao mfano ambao ulimwengu mzima umeusoma. Kule Meru, shirika la Ripples International lilikuwa na makao ya kuwaokoa wasichana yanayoitwa Tumaini. Wasichana waliopokewa hapo walikuwa wamenajisiwa, na walipopeleka malalamiko kwa polisi, hawakushughulikiwa ipasavyo. Mnamo Oktoba 2012, watoto 11 pamoja na shirika hilo walifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Meru. Tarehe 27 Mei 2013, Jaji Makau aliamua kwamba polisi, kwa kushindwa kuchunguza malalamiko hayo upesi na kwa njia ifaayo, walikuwa wamezivunja haki za watoto hao za kikatiba, na akawaamuru wayachunguze inavyostahili. Shauri hilo linajulikana kama kesi ya wasichana 160.

Mawakili husifu hukumu ile kwa hoja zake za kisheria, na zinastahili sifa. Lakini mimi nawaomba mtazame kilichotangulia hukumu. Wasichana wale waliweza kusimama dhidi ya dola kwa kuwa walikuwa na mahali pa kulala. Walikuwa pamoja, wakalishwa, wakatibiwa, wakasikilizwa, na maneno yao yakaandikwa na watu ambao hawakuwa na sababu ya kuyaficha. Kama wangalirudishwa kila mmoja kwao, pasingalikuwa na mlalamishi hata mmoja. Na nyumba iliyowezesha hukumu ile ilijengwa na kuendeshwa na shirika la hiari. Serikali ndiyo iliyoshtakiwa. Waliompa mtoto nguvu ya kuishtaki walikuwa watu wa kujitolea.

Sasa tuje kwenye swali la nani alipe. Hapa ndipo watoto wetu wanapopotelea. Ukienda kwa serikali ya kaunti, utaambiwa ulinzi wa watoto ni kazi ya Idara ya Huduma za Watoto iliyo chini ya serikali ya kitaifa. Ukienda kwa serikali ya kitaifa, utaambiwa kwamba Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vituo vya kulea watoto pamoja na shule za chekechea. Kila upande una karatasi ya kuonyesha. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Hapa tembo hata hawapigani, wanasukumiana mzigo tu, na bado nyasi zaumia.

Jibu la kisheria si gumu. Kifungu cha 189 kinazitaka serikali za ngazi zote mbili zishirikiane na kusaidiana. Serikali ya kitaifa ina maafisa wa watoto, polisi na korti. Kaunti ina ardhi, majengo, hospitali na wahudumu wa afya wa jamii. Hakuna kinachozuia kaunti kutoa jengo na kulitunza, na serikali ya kitaifa kulipa mishahara ya wafanyakazi na kulisimamia, kwa mkataba ulioandikwa na kuwekwa wazi kwa wananchi. Wala si wazo langu peke yangu. Mwaka 2021, mbele ya ulimwengu, serikali ya Kenya iliahidi kwamba ifikapo 2026 patakuwa na vituo vya kuwahudumia waathiriwa wa ukatili wa kijinsia pamoja na nyumba za usalama katika kaunti zote 47, kwa kugawana gharama na serikali za kaunti. Ahadi hiyo ina tarehe. Ni haki yenu kuuliza: nyumba ya Nyeri iko wapi, na fungu lake limo katika ukurasa gani wa bajeti?

Zipo pia hazina mbili zilizotajwa katika sheria: Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 iliunda hazina ya waathiriwa wa uhalifu, na Sheria ya Watoto ya 2022 iliunda hazina ya ustawi wa watoto. Hazina iliyoundwa kwa sheria isiyotiwa fedha za kutosha ni kama kisima kilichochimbwa bila kufika maji. Mbunge wenu aulizwe ni kiasi gani kiliwekwa humo mwaka huu, na ni shilingi ngapi zilizofika Tetu.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Nitajibu tatu.

La kwanza, kwamba makao ya watoto yamegeuzwa biashara. Ni kweli kwamba yamekuwapo makao yaliyokusanya watoto ili kukusanya michango ya wageni, na ndiyo sababu mnamo Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya ya hisani. Mpango wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2032 unataka watoto watolewe katika taasisi na kulelewa katika familia. Mimi naunga mkono. Lakini nyumba ya usalama si mahali pa kumlea mtoto mpaka awe mtu mzima. Ni daraja. Mtoto anatolewa katika nyumba ya hatari leo, na familia ya kumpokea haipatikani leo hiyo hiyo. Lazima ichunguzwe na ikubaliwe. Tena, fedha za umma ndizo dawa ya ufisadi huo, kwa kuwa penye fedha za umma Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana mamlaka ya kuingia na kukagua.

La pili, kwamba wafadhili wapo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mashirika mengi ya nchi hii yakajikuta hayana mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Ulinzi wa mtoto wa Kenya hauwezi kutegemea uchaguzi unaofanywa na raia wa nchi nyingine. Afrika Kusini wamelijadili jambo hili kortini. Mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Free State ilisikiliza shauri la mashirika ya hiari yaliyokuwa yakihudumia watoto na wazee kwa ruzuku ndogo ya serikali. Korti iliona kwamba mashirika hayo yalikuwa yakitimiza wajibu ambao kwa asili ni wa serikali yenyewe, na kwamba utaratibu wa ruzuku usioutambua ukweli huo ulikuwa na kasoro. Hukumu hiyo haizifungi korti zetu, lakini hoja yake ni nzito: anayekufanyia kazi yako hakuombi sadaka anapokutaka ulipe gharama.

La tatu linatuhusu sisi tulio kanisani. Wako wanaosema kazi hii ni ya kanisa, na serikali ikiingia itaiharibu. Kanisa lina heshima katika jambo hili. Miaka mingi kabla ya uhuru, wasichana waliokimbia ndoa za lazima katika nchi hii ya mlima walikimbilia misheni. Na mwaka 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipofukuzwa kwa marungu na gesi kule Uhuru Park, siku ambayo Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Tetu, alipigwa mpaka akazirai, Kanisa Kuu la All Saints liliwafungulia mlango, wakakaa humo miezi mingi. Lakini akina mama wale hawakuridhika na hifadhi. Waliendelea kuidai serikali haki za wana wao wakiwa ndani ya kanisa. Huo ndio mfano wa kufuata: mlango wa kanisa ufunguliwe usiku wa hatari, na asubuhi kanisa liende kudai kwa mwenye wajibu.

Nanyi wasomaji wa Biblia mnakumbuka kwamba Israeli iliamriwa kutenga miji 6 ya makimbilio, na njia za kuiendea zitengenezwe, ili hata mtu aliyeua bila kukusudia asiuawe kabla ya kusikilizwa. Miji hiyo haikuachiwa ukarimu wa mtu mmoja mmoja; ilitengwa na taifa zima. Ikiwa mwenye damu mikononi alitengewa mji, tutasema nini juu ya mtoto asiye na kosa?

Lakini kanisa nalo lijihoji. Wapo wazee wa kanisa wanaoketi katika vikao vya kusuluhisha kesi za unajisi kwa mbuzi na fedha, kwa jina la amani. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Ngono kinasema kwamba uamuzi wa kusimamisha kesi hiyo ni wa afisa mkuu wa mashtaka wa serikali. Si wa chifu, si wa ukoo, si wa mchungaji. Anayepokea mbuzi ili shahidi anyamaze anazuia haki isitendeke.

Basi tufanye nini? Hotuba isiyo na tarehe ni maneno matupu, kwa hiyo nawapa tarehe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kila serikali ya kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Jambo lisilokuwamo katika mpango huo ni vigumu kuliingiza baadaye. Kabla ya tarehe 28 Februari hupelekwa waraka wa sera ya fedha, unaoweka kiwango cha kila idara. Kabla ya tarehe 30 Aprili hupelekwa makadirio ya bajeti yenyewe, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unakwisha. Watu wetu hujitokeza mwezi wa Juni, wakati chungu kimekwisha kuepuliwa. Nendeni Agosti.

Na mnapokwenda, msiende na kilio kisicho na hesabu. Dai liwe na mambo manne yaliyoandikwa. Kwanza, jengo moja la kuanzia, lililo karibu na hospitali na korti. Pili, fungu lake lenyewe katika bajeti, lenye jina lake, lisilochanganywa na semina na usafiri wa maafisa. Tatu, mkataba kati ya kaunti na Idara ya Huduma za Watoto, unaosema nani analipa nini. Nne, taarifa kila baada ya miezi mitatu: watoto wangapi wamepokewa, wangapi wamepelekwa kwa familia, kesi ngapi zimekamilika, bila kutaja jina la mtoto yeyote. Kila parokia na kila usharika utie sahihi. Kifungu cha 201 cha Katiba kinautaka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na Kifungu cha 22 kinampa kila mmoja wenu haki ya kwenda kortini iwapo haki hizo zinakiukwa. Mkinyimwa jibu, njooni. Mawakili tupo, na wengine wetu hatutawadai ada.

Kwa sasa, ishikeni nambari 116. Ni simu ya bure ya kuripoti dhuluma dhidi ya watoto. Ibandikeni kwenye milango ya makanisa, katika vituo vya kununulia kahawa na majani chai, na shuleni.

Mkono mmoja haulei mwana. Makanisa yameulea mzigo huu kwa mkono mmoja muda mrefu, huku mkono wa pili, ule unaokusanya kodi yetu, ukiwa mfukoni. Tuudai utoke. Mpango wa maendeleo wa mwaka ujao unaandaliwa katika ofisi za kaunti mjini Nyeri, mwendo mfupi kutoka hapa. Naomba kabla hatujaondoka leo, tuteue watu 5 watakaoupeleka waraka wetu, na tukubaliane siku ya kwenda.